Kiapo cha Mwadhini

Waziri bin Mwero alikuwa mwadhini wa msikiti wa Mwabungo, na mwaka tulipopata uhuru watu walimtania mpaka wakachoka wenyewe. "Na wewe ni Waziri wa nini?" walimwuliza barazani. "Waziri wa adhana," aliwajibu, na kicheko kikaenda, naye akacheka nao. Alikuwa mtu mpole, kanzu yake safi, kazi yake kusuka makuti mchana na kuita watu kwenye sala nyakati zake. Ukinunua mbuzi na Waziri akasema mbuzi huyu si wa wizi, basi umekwisha nunua. Mimi na wewe tukidanganya hapana atakayeshangaa, lakini mtu wa namna ile jina lake ndilo mali yake, na mwenye mali ndiye anayeibiwa.

Hakujaaliwa mtoto. Aliokuwa nao ni wa dada yake Mbeyu, ambaye mumewe alifariki mapema akamwachia wawili: Sefu, kijana wa kiume, na Biasha, mdogo wake. Kwetu Wadigo hilo halina shida. Mjomba ndiye mwenye neno, na mpwa ni damu yako hasa, kwa kuwa umetoka tumbo moja na mama yake. Waziri aliwalea wote wawili, na Sefu alimpenda kupita kiasi.

Sababu ya kumpenda ilijulikana na kila mtu. Sefu alikuwa na macho. Alikuwa mkwezi wa minazi, na kabla hajapanda alisimama chini akakuambia madafu ni mangapi na makoroma ni mangapi, na kwamba nyoka yuko kwenye kuti la tatu. Na kila mwezi wa Ramadhani ulipofika mwisho, watu walipokuwa wakikodoa macho mpaka yanatoka machozi, Sefu alinyosha kidole tu. "Ule pale." Watu wa Kinondo walikuwa wakingoja habari kutoka kwetu, na sisi tulijivuna kwa hilo kana kwamba mwezi tumeufuga wenyewe.

Mvua za vuli za mwaka ule ndizo zilizokuja na balaa. Sefu alipanda mnazi asubuhi moja, akafika nusu, akakumbatia shina na kukataa kwenda mbele. Waliokuwa chini walimcheka, wakidhani ni mzaha. Aliposhuka akasema hatapanda tena. Waziri alimwita uani wakakaa wawili.

"Umeona nyoka?"

"La, mjomba. Nimeona makuti. Naona kila jani peke yake, kila jani lina makali yake, lakini mnazi wenyewe siupati. Na ardhi inanijia. Nikitazama chini inapanda."

"Hukula vizuri," Waziri alisema.

Lakini haikuwa njaa. Siku chache baadaye Mbeyu alimjia kaka yake akiwa ameshika ncha ya leso, analia. Alisema mwanawe amegeuka, anakula akiwa ameelekea ukutani, hataki kumtazama mamake usoni, naye hajui amemkosea nini. Waziri alikwenda akamwuliza Sefu kwa ukali, maana kumpa mama mgongo si adabu.

Sefu akasema polepole, "Uso wa mama hausimami pamoja, mjomba. Jicho naliona, mdomo nauona, lakini havikutani. Upande mmoja unaingia giza, mwingine unang'aa mpaka unaniumiza. Na maua ya leso yake yanatembea. Najua ni mama. Sauti ni ya mama. Lakini nikimtazama naogopa, na sitaki ajue kwamba namwogopa."

Hebu fikiria kijana anakuambia hayo. Ungesema nini? Pole, pengine. Ungeuliza limeanza lini. Waziri, mtu mzuri yule, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu."

Aliona haya, na haya ile ilimwingia mpaka mifupani. Kwani aliwahi kusikia habari za mjomba wa mama yake, aliyekuwa akizungumza na ukuta wa kisima kule Msambweni, watoto wakimfuata na kumrushia makokwa ya embe. Mambo hayo hayasemwi nyumbani, ila kila mtu anayajua. Na sasa damu ile ile imechomoza, na imechomoza kwa Sefu, wakati Biasha ameposwa.

Mposaji alikuwa Chome wa Kinondo, anamtakia mwanawe. Chome alikuwa mtu mrefu, mwenye shamba la minazi na maneno machache. Alipokuja kuleta posa aliuliza yale yanayoulizwa, wala hakuwa na ubaya: nyumba yenu ina kifafa? Ina ukoma? Ina wazimu? Waziri alijibu, "Nyumba yetu ni salama, alhamdulillahi." Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa udongo, Sefu alikuwa amejifunika shuka kichwani kwa sababu mwanga wa mlangoni ulimchoma.

Nisimwonee Waziri, alijaribu. Alimpeleka kijana hospitali, tena kimya kimya, akiwaambia watu wanakwenda kumtazama jamaa. Daktari alimpima Sefu macho, akamwita Waziri kando. Akasema, "Macho haya ni mazima kuliko yangu. Yanaona vyema. Lakini yanachoona, akili haikipokei inavyotakiwa. Inakivunja vipande, na mara nyingine inaongeza kisichokuwapo. Ni maradhi, mzee, yana madaktari wake Mombasa, na dawa zake ziko. Mpeleke mapema." Maneno yote hayo Waziri aliyasikia, lakini lililobaki naye ni moja tu: akili. Mawazoni alimwona Sefu amefungwa, watoto nyuma yake, makokwa mkononi. Njiani Sefu alipomwuliza daktari amesema nini, alimjibu, "Amesema macho yamechoka. Yatapoa." Na kijana akashukuru.

Akapanga hivi: Biasha aolewe kwanza. Harusi ni siku ya tatu ya Idi. Ikisha pita, Chome akisha kuwa jamaa na maji yakisha kumwagika, hapo atampeleka Sefu Mombasa, na litakalosemwa lisemwe. Mficha maradhi kilio humfichua, sote twaijua methali hiyo, na sote tukifikiwa tunadhani ilitungwa kwa ajili ya majirani.

Ramadhani ikafika, ikaenda. Sefu alifunga kama wengine. Mchana alilala ndani, jioni alifuturu peke yake, na Waziri akawaambia watu kijana ana homa ya macho. Watu walimwamini. Wangeachaje? Na watu mwezi ule walikuwa na mengine ya kuzungumza, Unguja kumechafuka kwa mapinduzi, kila mwenye jamaa kule anataka habari, redio ya dukani Ukunda haizimwi.

Ikaja jioni ya kutazama mwezi. Ninyi msiokuwa wenyeji mtadhani tunakwenda ufuoni. Huko ungetazama nini? Mwezi mchanga uko magharibi, jua linakotulia. Sisi tunatoka nyuma ya kijiji, kwenye mashamba ya mihogo, mahali palipo wazi, na tunatazama juu ya Milima ya Shimba. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa huko. Chome naye alikuja kutoka Kinondo, maana alikuwa na mambo ya harusi ya kuzungumza, akasimama kando ya Waziri.

Jua lilizama. Chini kulikuwa na wingu jembamba, juu yake mbingu nyeupe. Watu wakakodoa. Hapana kitu. Mmoja akasema ule, kumbe ni ncha ya wingu, akazomewa. Kisha likatoka lile neno ambalo Waziri alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Sefu yuko wapi? Mwiteni Sefu."

"Ana homa," Waziri alisema. "Mwacheni apumzike."

"Homa ya jicho moja au yote mawili?" mtu akatania. "Tupeni basi hilo zima."

Chome akasema, "Mwite, Bwana Waziri. Shemeji ya mwanangu nimesikia sifa zake tu. Nami nimwone akifanya kazi." Angekataaje? Mbeyu alikwenda kumleta.

Sefu alikuja ameinamisha kichwa, akimpa kila mtu mkono bila kuinua uso. Watu wakadhani ni adabu. Akasimama mbele ya mjomba wake, akainua macho kwenye milima, na papo hapo Waziri akaona mabega ya kijana yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Kule juu hakukuwa na nyuso.

"Ule pale," Sefu alisema, na kidole kikanyoka.

Watu wakaitika kwa furaha, kisha wakatazama. Hawakuona. "Wapi?" "Juu ya wingu, kulia kwa mlima." Wakatazama tena. Maalim Abdurahman, imamu wetu, mzee makini asiyependa haraka, akasogea. "Uko vipi, mwanangu?"

"Umelala chali, Maalim. Pembe zake zinang'aa sana."

Kisha akamgeukia Waziri, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuisikia mwingine, "Na ule wa pili, mjomba. Mbona iko miwili?"

Hapo ndipo Waziri alipojua kwa hakika. Kama alikuwa na shaka kwamba pengine macho ya Sefu yameuona mwezi ambao wengine hawakuuona, shaka ile iliondoka. Hapakuwa na mwezi. Palikuwa na maradhi, yamesimama katikati ya kijiji na kidole juu.

Maalim Abdurahman aliwageukia watu. "Mwezi wa kufungia saumu ningetosheka na shahidi mmoja. Wa kufungulia nataka mashahidi wawili, waadilifu. Nani mwingine ameuona?"

Hakuna aliyejitokeza. Watu walianza kuacha kutazama mbingu wakamtazama Sefu, ambaye kidole kilikuwa juu bado na midomo ikicheza kidogo. Mtu mmoja akakohoa. Chome aliinamisha kichwa upande, akamtazama kijana kwa makini, kisha akamtazama Waziri. Na Waziri akajiona yu uchi.

"Mimi nimeuona," alisema.

"Umeuona, Waziri?"

"Nimeuona."

"Utaapa?"

Angeweza kusema macho yangu ya uzee, Maalim, sina hakika. Ndiyo, angeweza. Lakini watu walikuwa wakimtazama Sefu. "Wallahi," alisema mwadhini wa Mwabungo, "nimeuona kwa macho yangu haya."

Basi ikawa imekwisha. Hakuna aliyeuliza tena. Watoto wakaanza kuruka, vijana wakakimbia kupiga ngoma, mmoja akapanda baiskeli kupeleka habari Kinondo. Maalim akamwambia Waziri apande juu ya msikiti akatoe takbira, na Waziri akapanda, akaitoa, sauti yake nzuri ile ile. Allahu Akbaru ya pili aliikata katikati, na waliokuwa chini wakasema mzee amelia kwa furaha.

Walirudi nyumbani yeye na Sefu, Mbeyu ametangulia kuloweka mchele. Sefu alikuwa akitembea kwa wepesi ambao Waziri hakuuona tangu vuli.

"Mjomba, uliuona na wa pili?"

Hili sasa hapana aliyemlazimisha. Hapakuwa na Chome wala Maalim. Lakini kijana alimwangalia kwa matumaini, tena alimwangalia usoni, jambo lililokuwa likimtesa. Waziri akashindwa. "Niliuona," alisema.

"Alhamdulillahi," Sefu alisema, akacheka kama zamani. "Nilikuwa nikidhani ni mimi peke yangu. Basi kumbe na wewe waona."

Asubuhi ya Idi Waziri aliamka na nia ya siri. Alijua kwamba siku ile ni Ramadhani, huenda ndiye pekee Mwabungo aliyeijua, na alikwisha nuia kufunga. Mbeyu alimletea chai na mkate wa kumimina, Waziri akasema tumbo linamsumbua. Aliwatolea watu takbira za sala, akapeana mikono na kila mtu, Idi njema, Idi njema, akawaomba radhi majirani kama desturi ilivyo. Kila aliyemwambia nimekusamehe alimchoma moyo.

Baada ya sala wanaume walikaa uani kwa Maalim, masinia ya pilau yakatoka. Chome alimvuta Waziri wale sinia moja. "Njoo, mkwe."

"Tumbo, Bwana Chome."

"Siku ya Idi hapana tumbo. Au chakula chetu hukitaki?" Wengine wakageuka kutazama. Siku ya Idi kufunga ni haramu, na mtu akikataa kula ana jambo. Chome alifinyanga tonge kwa mkono wake, akalichagulia kipande cha nyama, akamtilia kiganjani. Waziri alilitazama, akasema bismillahi, akalila. Kwa hiyo alikula mchana wa Ramadhani, kwa makusudi, akiwa mzima na mwenye akili timamu, mbele ya imamu wake. Chakula kilikuwa kitamu na alikichukia.

Upande wa pili wa uwanja, Sefu alikuwa amekaa na vijana wenziwe. Alikuwa amewaelekea watu. Bado alipepesa macho, bado alitazama masikio ya mtu badala ya uso, lakini alikula, alicheka, hata alimtania mmoja kwa fulana yake mpya. Mbeyu alichungulia mlangoni, akamwona, akajifuta machozi kwa leso. Waziri akajiambia labda si vibaya sana. Labda uongo mwingine ni dawa.

Ndipo Mangi alipofika. Huyu alikuwa Mduruma, mchuuzi wa samaki kwa baiskeli, si Muislamu, ila alijuana na kila mtu mpaka Shimoni. Alitokea Ukunda. Aliegemeza baiskeli, akavua kofia, akawasalimu wazee, kisha akasimama akiyatazama yale masinia kwa mshangao wa kweli.

"Samahani, wazee wangu," alisema. "Mbona nyinyi mnakula? Ukunda wamefunga. Na Msambweni wamefunga, nimetoka huko alfajiri. Redio asubuhi imesema mwezi haukuonekana popote, Idi ni kesho."

Mikono ikasimama kati ya sinia na mdomo. Mzee mmoja aliyekuwa na tonge kinywani hakujua ameze au ateme. Maalim Abdurahman aliondoa mkono wake polepole, akaufuta, akasema, "Acheni kula. Siku iliyobaki ni ya Ramadhani, na hii tutailipa." Masinia yakabaki, pilau nyingi, nzi wakaanza kuja. Mwenye ruhusa ya kula alikuwa Mangi peke yake, naye maskini alikaribishwa akakaa pembeni akala kwa haya, akijuta kwa nini alifungua mdomo.

"Sefu, mwanangu," Maalim aliita. "Njoo hapa. Waziri, nawe njoo."

Walisimama mbele ya watu. Chome alikuwa amekaa pale pale, mikono juu ya magoti.

"Sikugombezi," Maalim alimwambia Sefu. "Nataka kujua. Jana uliona nini?"

"Mwezi, Maalim. Miwili."

Kuna aliyecheka, akanyamazishwa. "Miwili?"

"Mmoja ulikuwa mkubwa. Wa pili kushoto kwake, mwembamba, nao ulikuwa ukipanda."

"Kwa nini jana hukuniambia kwamba ni miwili?"

"Nilimwambia mjomba," Sefu alisema. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Naye pia aliiona. Mwulizeni."

Watu wote wakamgeukia Waziri, na Maalim akamwuliza, kwa upole, kwa kuwa alimheshimu, "Wewe uliona mingapi, Waziri?"

Hebu tusimame naye hapo kidogo. Akisema miwili, yeye na mpwa wake ni wendawazimu pamoja, na Biasha hana tena mume. Akisema mmoja, yeye ni mzee mwema aliyekosea kwa macho mabovu, na Sefu anabaki na wazimu wake peke yake. Alifungua mdomo, na nasema kwa masikitiko, kwa kuwa mtu huyu nilimpenda, alisema, "Mmoja."

Watu wakapumua. Wengine walikwisha anza kumtikisia Sefu vichwa kwa huruma.

Sefu alimtazama mjomba wake. Hakukasirika. Alisema taratibu, kama unavyomkumbusha mzee aliyepitiwa, "Umesahau, mjomba. Tulipokuwa njiani uliniambia umeuona na wa pili."

Hapo ndipo aibu ilipomshika Waziri hasa. Alitazama chini. Aliona ndara zake, aliona miguu ya Sefu yenye sugu za kukwea minazi. "Sikuona kitu, Maalim," alisema. "Hapakuwa na mwezi. Niliapa uongo."

Mangi aliacha kutafuna.

"Hata mmoja?" Sefu aliuliza.

"Hata mmoja, mwanangu."

Ghadhabu ilikuja baadaye, tena ilikuja yote. Kila mmoja alisema lake: mbuzi aliyemchinja, mama mgonjwa aliyefunguliwa saumu, watu wa Kinondo tutawatazama vipi. Mzee mmoja alitema mate. Waziri alisimama akayapokea. Maalim alisema maneno mafupi tu, kwamba adhana atatafuta mtu mwingine. Watu walipoanza kuondoka, Chome akainuka, akaja akasimama mbele yake.

"Kijana ni mgonjwa tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Nilikuuliza barazani kwako."

"Uliniuliza."

"Kama ungeniambia, ningefanya nini, unadhani? Kwetu Kinondo wagonjwa kama hao hakuna? Nani hana? Ningekuuliza anatibiwa wapi, basi. Msichana hana kosa na harusi iko pale pale. Lakini maneno ya harusi nitazungumza na mama yake. Wewe sina haja ya kukusikia tena." Na mtu yule wa maneno machache akaenda kumtafuta Mbeyu.

Alasiri ile Waziri alimwita Sefu uani akamwambia yote. Alimwambia daktari alivyosema, neno kwa neno, kuhusu macho mazima, akili inayovunja vipande, madaktari wa Mombasa, dawa. Sefu alisikiliza akiwa ameegemea nguzo, uso ameuelekeza kando.

"Alisema hivyo wakati wa vuli?"

"Wakati wa vuli."

"Kumbe ni maradhi," Sefu alisema. "Kumbe yana dawa. Na mimi nimekaa muda wote huu nikidhani ni dunia iliyoharibika, na nyinyi wote mnaiona mnanyamaza. Jana nilifurahi sana, mjomba."

Waziri alitaka kusema nisamehe. Aliliona neno ni dogo mno, akalimeza, na hilo nalo lilikuwa kosa.

Jioni watu walitoka tena kwenye mashamba ya mihogo. Haikuwa lazima, siku thelathini zilikwisha timia, lakini kila mtu alitaka kuuona kwa macho yake. Waziri alisimama nyuma kabisa, peke yake, na hakuna aliyemsogelea ila Sefu, aliyekuja akasimama kando yake kwa mazoea. Chome na Mbeyu walikuwa mbele kidogo, wakizungumza habari za safari ya Mombasa. Jua lilizama, na mara hii mwezi ulikuwapo, mwembamba, wazi, juu ya Milima ya Shimba. Watu wote waliuona kwa pamoja, na furaha yao ilikuwa ya chini chini.

Sefu aliutazama muda mrefu. Hakunyosha kidole.

"Mjomba," alisema, "ule uko kweli?"

"Uko," Waziri alisema. "Mmoja. Uko kweli, mwanangu."

Sefu alimtazama, akajitahidi kumtazama usoni sawasawa. Kisha akasema, "Ahsante, mjomba," akaondoka, akapita katikati ya watu mpaka alipokuwa Chome, akamgusa mkono kwa adabu, na kumwuliza swali lile lile.